Deni la Mtu, Dia ya Ukoo

Mtu akiua huku kwetu, kwa Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya, halipi peke yake. Wazee wa koo mbili huketi, maneno husemwa kwa siku kadhaa, kisha dia, yaani fidia ya damu, huhesabiwa. Kwa hesabu ya asili ni ngamia 100 kwa damu ya mwanamume, na hukusanywa kutoka kwa ndugu wa karibu na wa mbali, hata wasiomjua muuaji kwa sura. Maslaha haya, yaani usuluhishi wa wazee, hulaumiwa sana, hasa yanapotumiwa kuzima kesi za ubakaji, na kwa hilo lawama ni ya haki. Lakini katika damu yana busara yake. Kisasi huzimika, na kila ukoo hupata sababu ya kumchunga kijana wake mkorofi kabla hajawafilisi.

Kinachonisumbua ni kwamba desturi hiyo tumeihamishia kwenye fedha za kaunti. Kiongozi akiulizwa pesa za barabara za mjini Garissa zilikwenda wapi, hajibu yeye. Hujibu ukoo: mtoto wetu anaandamwa. Wazee hukalishwa mbele ya kamera, vijana hujaza magari, na swali la hesabu hugeuka kuwa swali la heshima. Tena desturi yenyewe tumeipotosha. Kwenye dia, ukoo hukiri kwanza kosa ndipo uubebe mzigo. Kwenye pesa za umma tunaubeba bila kukiri chochote, na aliyedhulumiwa halipwi hata mbuzi.

Aliyedhulumiwa ni nani, kwani? Hapo ndipo tunapokwama. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Garissa kutoka serikali kuu ulikuwa karibu shilingi bilioni 7.9, wa Wajir bilioni 9.5, wa Mandera bilioni 11.2. Ushuru ambao kaunti hizi hujikusanyia zenyewe ni mdogo sana mbele ya hizo, kwa hiyo bilioni hizi tunazipokea kama mvua: ikinyesha kwa jirani zaidi, bahati yake. Mfugaji anayeuza ng'ombe katika soko la mifugo la Garissa huitunza risiti ya ushuru asije akalipishwa mara mbili, lakini hajioni kuwa ni mlipa kodi. Ilhali kila akinunua salio la simu au akituma pesa, amekatwa. (Sukari siitaji. Sote tunajua sukari nyingi ya huku imepita njia gani kutoka Kismayu.)

Chukua mfano wa maji ya boza, lori la tangi la maji. Katika ukame ule ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana, hadi mwisho wa 2022, vijiji vingi vilinyweshwa na malori. Boza hufika, mitungi ya manjano imepangwa tangu alfajiri, mpira hutumbukizwa kwenye birika, na baada ya muda mfupi dereva anatafuta mtu wa kumtilia sahihi karatasi. Hakuna matumizi magumu kukaguliwa kama hayo. Barabara mbovu itaonekana hata baada ya miaka mitatu. Maji yakishanywewa, ushahidi uliobaki ni ile karatasi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija mwaka unaofuata atakuta safari zimeandikwa, na mtu wa pekee anayejua kama boza lilikuja mara nne au mara kumi ni mama aliyekuwa kwenye foleni. Hakuna aliyemuuliza. Na angeulizwa, jirani angemkumbusha kwamba mwenye zabuni ni binamu.

Wapo watakaosema wazee wetu wanajua kuwawajibisha viongozi, na watataja Mandera. Kabla ya uchaguzi wa 2017 baraza la wazee wa ukoo wa Garre liliamua kwamba waliochaguliwa 2013 wote wasigombee tena. Seneta Billow Kerrow alitii. Gavana Ali Roba alikataa, akagombea kwa tiketi ya chama kingine, akashinda. Kisa hiki husimuliwa kama vita kati ya mila na kura. Mimi naona kingine: mizani kuu ya wazee ilikuwa zamu, kwamba walioshika wameshika na sasa wapishe wengine. Aliyetumia vizuri na aliyetumia vibaya waliambiwa jambo moja. Kupokezana ni haki, lakini si hesabu.

Katiba ya 2010 ina kifungu ambacho ningependa kisomwe barazani kwa Kisomali, polepole. Kifungu cha 226(5) kinasema kwamba mwenye wadhifa wa umma, hata wa kisiasa, akiagiza au kuidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria, hasara itakayotokea ni juu yake na atailipa, awe bado ofisini au ameshaondoka. Atailipa yeye. Ukoo haukutajwa. Mwanachuoni wa fikihi hatashangaa, kwa kuwa amana iliyopotea kwa uzembe au hila humdai aliyeishika.

Ukoo una haki ya kumtafutia mtoto wake wakili na kumpelekea chakula akiwekwa ndani. Lakini siku wazee watakapoombwa wapande jukwaani kusema kabila zima limeshtakiwa, wamwombe kwanza mtoto huyo alete karatasi za boza, na wamwite yule mama wa foleni azisikilize zikisomwa.