Chafya ya Jua na Haki ya Kuaminiwa

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tumeikariri tangu utotoni, tukaifundisha, tukaitungia na mitihani. Lakini sidhani kama tumeitii. Huikumbuka katika mambo makubwa, kama ndoa ya jirani au umaskini wa ndugu, na kuisahau katika mambo madogo ya kila siku: sauti, mwanga, harufu, nguo inayowasha. Hapo kila mtu huufanya mwili wake kuwa mizani ya kupimia miili ya wenzake. Kisichonichoma mimi hakichomi, na anayesema kinamchoma anadeka. Swali ninalotaka tulitafakari, msomaji wangu, ni hili: mtu anapotuambia kwamba anahisi kitu ambacho sisi hatukihisi, tuna wajibu gani juu ya neno lake?

Nianze na jambo ninalolijua kwa pua yangu mwenyewe. Nikitoka ndani penye giza na kukutana na jua kali, hupiga chafya mara mbili au tatu mfululizo, kisha basi. Si mafua wala si vumbi. Marehemu baba yangu alikuwa hivyo, na mmoja wa wanangu yuko hivyo. Miaka yote niliyokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nilipotoka ofisini asubuhi kwenda mstarini, wanafunzi walijua kwamba matangazo yangu hutanguliwa na chafya. Watoto wa darasa la kwanza walizihesabu kwa vidole.

Jambo hili ni la kale. Katika kitabu cha maswali kinachohusishwa na Aristotle wa Ugiriki, inaulizwa kwa nini joto la jua huleta chafya na joto la moto halileti. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 17, Mwingereza Francis Bacon alibaini kwamba mtu akitoka juani macho yakiwa yamefumbwa, chafya haiji. Basi kisababishi si joto, ni mwanga. Wataalamu wa siku hizi hukadiria kwamba walio na hali hii ni kati ya asilimia 18 na 35 ya watu. Huenda kwa urithi: mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana takribani nusu ya nafasi ya kuipata. Wengi hudhani kwamba taarifa ya mwanga iendayo ubongoni kutoka machoni huichokoza neva ya uso iliyo jirani yake, na pua ikadhani imeguswa. Hata hivyo njia yenyewe haijathibitishwa kikamilifu.

Sasa tazama ajabu. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba najifanya. Mwislamu aliyekuwa karibu alinisikia nikipiga chafya, akaniombea rehema, wengine walicheka, wote waliamini. Kwa nini? Kwa sababu chafya ina sauti. Mwili wangu ulinitolea ushahidi mbele ya shule nzima, nami sikuhitaji kujitetea. Bahati hiyo hawana wote. Wapo ambao miili yao inatofautiana na yetu kwa namna isiyotoa sauti, na hao hawana shahidi ila maneno yao.

Katika shule mojawapo niliyoiongoza, kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa kipande cha nondo. Palikuwa na mtoto wa kike wa darasa la tatu ambaye, kengele ilipogongwa, aliziba masikio na kujikunja kama aliyepigwa. Mwalimu wake wa zamu aliona ni deko, akaamuru asimame chini ya mwembe kila asubuhi ili azoee. Hakuzoea. Alianza kuchelewa, na ilionekana anangoja ng'ambo ya barabara mpaka mlio uishe. Nilipomwita na kumwuliza, alinijibu kwa sauti ndogo: "Inaniingia kwenye meno, mwalimu." Daktari hatukuwa naye, wala chombo cha kupimia meno yanayoingiwa na mlio. Nilikuwa na sentensi hiyo moja tu.

Nikaagiza mambo mawili: abaki darasani wakati kengele inagongwa, na adhabu ya mwembe ikome. Kwenye kikao cha walimu yalizuka maneno. Mmoja alisema huo ni upendeleo. Mwingine akasema kesho shule nzima itaziba masikio. Hoja hizi si za kupuuzwa. Kweli, juma lilelile watoto watatu walikuja kuomba ruhusa kama hiyo. Niliwapa wote. Baada ya siku nne wawili walirudi mstarini wenyewe, maana kukaa darasani peke yako wakati wenzako wanataniana nje hakuna utamu kwa asiye na sababu. Wa tatu alibaki. Yule wa kwanza aliacha kuchelewa.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la nusu ya swali langu. Anayesikiliza neno asiloweza kulipima anaweza kukosea kwa njia mbili: kumwamini mwongo, au kutomwamini msema kweli. Makosa hayo hayana uzito sawa. Mwongo akiaminiwa, atakuwa amepata dakika kumi za uvivu. Msema kweli asipoaminiwa, anaumia mara mbili, kwa maumivu na kwa kuitwa mwongo. Na baya zaidi, anajifunza kwamba mkubwa hafai kuambiwa. Mtoto aliyejifunza hilo kwa habari ya kengele hatatueleza siku atakapofikwa na jambo zito kuliko kengele.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Je, kuamini neno la mtu ni kuamini kila alisemalo? La hasha. Mkemia Mwingereza John Dalton alitoa mhadhara mjini Manchester mwaka 1794 akaeleza kwamba yeye na kaka yake hawazioni rangi kama watu wengine. Alidhani sababu ni maji ya buluu ndani ya jicho, akaagiza macho yake yachunguzwe akifa. Alipofariki mwaka 1844 maji yalikutwa meupe pe. Mwaka 1995 vipande vya macho yake vilivyohifadhiwa vilipimwa kwa sayansi ya urithi, ikaonekana alikosa mojawapo ya kemikali zinazopokea rangi. Basi Dalton alikosea juu ya sababu, lakini hakukosea hata kidogo juu ya alichokiona. Nasi tutenganishe mambo haya. Juu ya anachokihisi, mwenye mwili ndiye shahidi wa kwanza. Juu ya chanzo chake na dawa yake, yeye ni mmoja wetu, anaweza kukosea, na tunaweza kubishana naye kwa heshima.

Wala tusisubiri sayansi itoe jina ndipo tuamini. Mwaka 1931 huko Marekani, mkemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga fulani, nao ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu. Fox hakuonja chochote. Walikuwa chumba kimoja, unga mmoja, ndimi mbili. Hakuna aliyekuwa mwongo. Uchungu ule ulikuwa wa kweli kabla haujaandikwa kitabuni.

Tusidhani kwamba haya ni mazungumzo ya wazee wasio na kazi. Katika shule zetu wamo watoto wenye ualbino, ambao macho yao yana upungufu wa rangi ya kuzuia mwanga. Kwao dirisha linalotupendeza sisi ni mateso. Mtoto kama huyo hukunja uso, hugeuza shingo, huinamisha kichwa. Na mwalimu asiyejua husoma dharau palipo na maumivu. Akihamishwa karibu na ubao, mbali na mwanga wa dirisha, akaruhusiwa kofia, hakupendelewa. Amepewa kile ambacho wenzake walikuwa nacho tangu mwanzo, yaani nafasi ya kuona.

Hata hivyo mpaka upo. Neno la mtu linatosha kunizuia nisimtese. Halitoshi peke yake kumpa haki ya kuwatwika wengine mzigo wowote. Mtoto wangu wa kengele niliweza kumwepusha na mlio. Kuinyima shule nzima kengele lingekuwa jambo la kujadiliwa na wote. Kadiri mtu anavyotaka zaidi kutoka kwa wenzake, ndivyo wenzake wanavyostahili kuuliza zaidi. Lakini waanze kwa kuuliza, wasianze kwa kukanusha.

Kwa walimu vijana watakaosoma kurasa hizi nina ushauri mmoja. Mtoto akikuambia kwamba mwanga unamuumiza, sauti inamchoma au sweta linamtafuna, usimjibu, "Mbona mimi sisikii?" Jibu hilo ni la kweli, lakini linasema habari za mwili wako wewe. Mwulize, "Inakuwaje?" Kisha nyamaza, umsikilize.