Alhamisi ya Mama

Mama yangu ana miaka 49, na kila Alhamisi saa nane mchana anafunga kibanda. Anazima jiko, anafunika sufuria ya maharagwe, anamwachia jirani wa mboga funguo, kisha anatembea dakika kumi hadi kanisani. Si siku ya ibada. Hakuna padri, hakuna kwaya, hakuna kikundi cha maombi. Anaketi kwenye benchi la nyuma kabisa kwa masaa mawili, halafu anarudi nyumbani.

Nilikuja kujua haya kwa sababu ya pesa. Nilikuwa nimekwama na kodi ya nyumba, ile hali ambayo kila mtu anayelipwa kwa makala anaijua: mhariri amesema pesa itaingia wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki. Nikampigia mama kama kawaida yangu.

"Mama, nitumie elfu nne tu. Nitakurudishia."

Akanyamaza kidogo. "Sina."

Nikamuuliza kwani biashara imeenda wapi. Ndipo akanieleza habari ya Alhamisi, polepole, kama mtu anayeeleza kwamba huku kumenyesha.

Nikapiga hesabu papo hapo. Watu wa mjengo na wa bodaboda wanakula kuanzia saa nane hadi saa kumi. Hapo mama hakosi shilingi elfu moja. Mara nne kwa mwezi, elfu nne. Kumbe kodi yangu ilikuwa imeketi kanisani, benchi la nyuma.

"Na huko unaomba nini?"

"Siombi kitu. Nimeomba miaka ishirini na tano, mambo yenu nyote. Sasa nakaa tu."

Nikasema neno ambalo bado linaniuma: "Mama, hayo mambo ya kujitafuta si ya watu wa umri wako."

Akacheka. Kisha akasema, "Kijana yangu, ulipoacha chuo uliniambia unaenda kujitafuta. Nilikuwa nimelipa mihula mitano. Nilikuuliza ni pesa ngapi?"

Akasema chapati inaungua, akakata simu.

Tangu siku hiyo nina swali moja ambalo haliniachi: mzazi ana ruhusa ya kuendelea kukua? Sisi vijana tunajipa ruhusa hiyo bure. Tunabadilisha kozi, dini, mtaa, nywele na marafiki, na tunataka tupongezwe. Lakini mtu wa miaka karibu hamsini akibadilika, tunaanza kunong'ona. Ana shida ya kichwa. Ameingia dhehebu. Ana mtu wa pembeni. Hatufikirii kwamba huenda amefikia mahali ambapo maisha aliyojenga yanasimama yenyewe, na sasa anataka kujua ni nani aliyekuwa akiyajenga.

Mimi nadhani najua chanzo cha hofu yetu. Mama ni kama kigingi. Mbuzi akifungwa kwenye kigingi anaweza kuzunguka atakavyo, akala huku na kule, akijua kamba itamrudisha. Sasa jaribu kufikiria mbuzi huyo akiona kigingi kimeng'oka chenyewe na kuanza kutembea. Uhuru wangu wote wa kutangatanga ulisimama juu ya jambo moja, kwamba mtu fulani Umoja hatoki alipo.

Wazee wetu walilishughulikia jambo hili vizuri kuliko sisi. Katika desturi ya Wagikuyu, mzazi alipanda daraja wakati mtoto wake wa kwanza alipotahiriwa. Baba alitoa mbuzi, akapokelewa ngazi nyingine katika kiama, baraza la wazee. Mama aliingia daraja la nyakinyua. Leo wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya wale akina mama waliokuwa wakimchezea rais ngoma siku za sherehe, lakini lilikuwa na uzito wake. Lilimaanisha kwamba mwanamke huyu amemaliza kazi moja na ameanza nyingine, na kijiji kizima kinajua. Na mlango wa kuingilia alikuwa mtoto. Mtoto akivuka, mzazi anavuka naye.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mama. Nilitahiriwa hospitalini likizo ya Disemba, nikapewa soda na suruali mpya. Hakuna aliyemwambia mama kwamba na yeye amevuka. Kesho yake aliamka saa kumi alfajiri kukanda unga.

Lakini sitaki kulifanya jambo hili liwe rahisi. Mji huu una watoto wengi ambao baba zao waliitwa na Mungu, wakaenda na hawakurudi wala kutuma chochote. Kuna akina mama waliotoa karo kama sadaka ya mbegu na mtoto akafukuzwa shule. Ukuaji wa mtu mmoja unaweza kulipwa na tumbo la mwingine, na hapo neno "roho" halimtakasi mtu. Kwa hiyo swali langu lina sehemu ya pili: ukiondoka, unaondoka vipi?

Mmoja wa watu wa mwisho niliowasoma kabla sijaacha chuo ni Imam Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu katika Nizamiyya ya Baghdad, hajafika miaka 40, na jina lake lilikuwa kubwa. Kisha ulimi wake ukagoma. Alisimama mbele ya wanafunzi na maneno hayakutoka. Hata chakula kilimshinda kumeza. Mwenyewe aliandika kwamba aligundua alikuwa akifundisha kwa ajili ya cheo na sifa. Akaacha kazi, akaenda Sham, Jerusalem na Makka. Miaka ile nilimpenda kwa sababu aliacha chuo, kama mimi. Nilikuwa nimeruka sehemu muhimu: kabla ya kuondoka aligawa mali yake, lakini alibakisha riziki ya watoto wake. Na baadaye anakiri kwamba wito wa watoto hao ulimvuta kurudi nyumbani.

Nikarudi kwenye hesabu yangu ya Alhamisi, safari hii nikiifanya kwa haki. Karo ya mdogo wangu imelipwa. Kodi ya nyumba ya mama na ya kibanda imelipwa. Chama hajakosa hata mwezi mmoja. Mama alibakisha riziki ya kila anayemtegemea, na kilichobaki, masaa mawili, akajipa mwenyewe. Mimi ndiye sikuwa kwenye orodha. Nilikasirika kwa sababu niligundua, nikiwa na miaka 24, kwamba mama amenihesabu miongoni mwa watu wazima.

Inauma, lakini si dhuluma. Nadhani ndiyo heshima ya kwanza niliyopewa bila kuiomba.

Kodi niliilipa baada ya kukopa kwa rafiki na kuuza simu ya pili. Wiki tatu baadaye nilienda Umoja siku ya Alhamisi, nikamwambia mama anipe aproni. Alinitazama kama anayetazama noti ya elfu inayotiliwa shaka, kisha akanipa. Niliunguza chapati nne. Fundi mmoja aliniuliza kama huyu mwenye kibanda ana msichana anayejua kupika. Hadi saa kumi nilikuwa nimeuza shilingi 640.

Mama alirudi, uso wake ukiwa vilevile, labda umetulia kidogo, labda nilitaka tu kuona hivyo. Swali lilikuwa tayari mdomoni: umepata nini huko? Nikakumbuka mihula mitano, na kwamba hakuwahi kuniuliza.

Nikampa zile pesa. Akahesabu, akaonja maharagwe, akakunja uso.

"Umetia chumvi mara mbili."

"Alhamisi ijayo nitatia mara moja."

Akafunga aproni na kuwasha jiko.