Ufunguo wa Chumba cha Vitabu

Wajukuu zangu,

Jumapili mlipokuja na simu zenu, mmoja aliniuliza kama teknolojia ya elimu ni kozi ya kompyuta au ya ualimu. Mwingine akataka kujua kama kweli kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kutunza vitabu vya shule. Niliwapa chai badala ya jibu. Jibu lenyewe ni refu, na lina hasira kidogo ndani yake, kwa hiyo nimeona niliandike.

Mnajua nilifundisha Kiswahili na historia, Migori kwanza, kisha huku Homa Bay. Katika shule moja ambayo sitaitaja, mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo wa maktaba siku ya tatu tangu niripoti. Vipindi vyangu havikupunguzwa hata kimoja. Nikawa mkutubi hivyo, kwa ufunguo tu. Vitabu nilivipanga kwa kimo, virefu nyuma na vifupi mbele, kama wanafunzi wanaopigwa picha ya darasa. Mvulana akitaka kitabu cha mimea, nilimwambia atafute chenye jalada la kijani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba mimea ina makao yake, namba 580 katika mpango wa Dewey wa kupanga vitabu, uliotoka Marekani mwaka 1876. (Mpango huohuo unazibana Kijaluo na Kiswahili pamoja katika 496, lakini hayo ni malalamiko ya siku nyingine.) Maktaba yangu ilikuwa ifunguliwe saa ya chakula cha mchana. Saa hiyo nami nilikuwa na njaa. Siku nyingi haikufunguliwa.

Nawasimulia haya kwa sababu shule nyingi za kwetu bado ziko hapo, na ninyi mnataka kuingia humo mkiwa na shahada. Basi kabla ya kuuliza kozi inaitwaje, ulizeni nani atawalipa. Tume ya TSC huajiri walimu. Mkutubi wa shule ya upili huajiriwa na bodi ya shule, pamoja na mpishi, mlinzi na karani, na mshahara wake hutegemea karo iliyoingia muhula huo. Simdharau mpishi, bila yeye shule hufungwa kesho. Lakini mtoto aliyesoma miaka minne chuoni anapaswa kujua mapema kwamba kazi anayoiota, kwa utaratibu tulio nao, haina dirisha lake TSC.

Na msidhani mtapenya kwa mlango wa nyuma. Ili TSC ikusajili kuwa mwalimu wa sekondari, unahitaji masomo mawili ya kufundisha, na C+ katika kila moja kwenye mtihani wa KCSE. Mwenye shahada ya sayansi ya habari hana masomo hayo mawili ndani ya shahada yake, kwa hiyo hata akiongeza stashahada ya uzamili ya elimu, bado atakwama. Nimewaona vijana wakigundua hilo baada ya kuhitimu, wakiwa wameshika bahasha ya khaki kwenye kituo cha matatu.

Kwa hiyo wewe uliyepata C+, unayesema moyo wako uko shuleni na watoto, somea ualimu. Chukua shahada ya elimu. Ukiweza hisabati na kompyuta, chukua hayo. Ukipenda Kiingereza na fasihi, pia ni sawa, maana walimu wa lugha ndio hukabidhiwa maktaba karibu kila mahali. Teknolojia ya elimu utaikuta humohumo. Chuo Kikuu cha Maseno kina idara inayounganisha mawasiliano ya kielimu, teknolojia na mitaala, na kila mwanafunzi wa ualimu hupita mikononi mwake. Kenyatta na Nairobi nazo zina idara za namna hiyo, na huko unaweza kurudi kwa shahada ya uzamili ukiwa tayari una namba ya TSC na mshahara. Kwa mtoto wa huku, ngazi hiyo ndiyo salama: darasa kwanza, ubingwa baadaye. Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko hapa mjini Homa Bay. Kilikuwa chini ya Maseno hadi kilipopata hati yake mwaka 2022, na ukisoma hapo unaweza kulala kwa shangazi yako ukaokoa kodi ya nyumba.

Wewe wa pili, unayependa vitabu kuliko watoto (usikatae, nimekuona), njia yako ni sayansi ya habari. Usidanganyike na neno habari, si kusoma taarifa redioni. Ni kupanga maarifa: katalogi, kumbukumbu za ofisi, nyaraka, hifadhidata. Enzi zetu aliyetaka ujuzi huo alivuka mpaka hadi Makerere, ambako shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1963. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi kikafungua kitivo chake Eldoret. Kisha mtoto wa Moi akazaliwa hapa kwetu: Rongo, panapokutana njia ya Homa Bay na barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, ilianza mwaka 2011 ikiwa chuo kishiriki cha Moi, ikapata hati mwaka 2016, na ina kitivo cha habari na mawasiliano wanachokiita INFOCOMS. Nauli ya matatu tu, na umefika.

Lakini ukienda huko, usiende ukiwaza maktaba ya shule peke yake. Hospitali za kaunti zina mafaili ya wagonjwa. Mahakama zina mafaili ya kesi. Ofisi za ardhi ndizo usiseme. Mjomba wenu alitafuta faili moja hadi mvi zikamwota. Mahali pote hapo anahitajika mtu anayejua karatasi imelala wapi. Jifunze pia Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Unaweza kuifanyia mazoezi kwenye kompyuta kuukuu, na mwombaji kazi anayeifahamu haongei kwa kubahatisha.

Sasa hizo mashine za teknolojia ya elimu. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tabuleti kwa watoto wa darasa la kwanza, nchi nzima. Shule moja ninayoijua ilizipokea kwa nyimbo, ikazifungia kabatini, na kabati likatiwa kufuli mbili. Mwalimu aliogopa zisivunjike, maana angeulizwa yeye. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba kumsaidia mwenzake apange somo na kifaa kile ni kazi yake. Nilipoliona kabati lile nilikumbuka ufunguo wangu wa zamani. Ugonjwa ni uleule, kufuli tu ndiyo mpya. Kitabu na tabuleti vinamhitaji mtu mmoja, na saa zake ziandikwe kwenye ratiba ya shule. Marekani wamelielewa hilo: katika majimbo mengi mkutubi wa shule ni mwalimu mwenye leseni, na vitabu na vifaa viko chini yake. Sisi tumeanzisha mtaala unaomtaka mtoto afanye utafiti, na Gredi ya 7 ya kwanza ikaanza Januari 2023, lakini chumba cha kufanyia utafiti huo tumemwachia mwalimu mwenye njaa.

Kama karo itakuwa ndefu kuliko mfuko wa baba yenu, kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa Konza mwaka 2023, kinachofundisha kwa intaneti. Ila mtandao wa kisiwani kwetu Mfangano mnaujua wenyewe. Hesabuni bando kabla ya kuhesabu karo.

Kuhusu majina ya kozi, msiumie kichwa, vyuo huyabadilisha. Ombeni orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa nne, na ulizeni kama kuna mazoezi ya kazi na yanafanyikia wapi. Chuo kisichoweza kuwajibu hilo, kiacheni.

Kabla ya kuingia kwenye mtandao wa KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, kule saiba, nataka mnifanyie jambo moja. Kila mmoja aende shule ya upili iliyo karibu naye, aombe ruhusa, aulize vitabu vingapi viliazimwa wiki iliyopita na ufunguo wa maktaba uko kwa nani. Mniletee majibu Jumapili. Chai itakuwepo.

Babu yenu.