Nani Shahidi wa Chombo?

Ada ya mafundi wa pwani yetu, tangu Lamu hadi Kilwa, ni kuunda chombo pasipo mchoro. Fundi hulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao, kisha akakalafati kwa pamba na kupaka deheni ya shahamu na chokaa. Vipimo vyote vimo machoni na mikononi mwake.

Na tumfikirie basi mtu aliyejiundia mashua uani pake, akaenda kuikatia bima. Huulizwa: Mchoro u wapi? Nani aliyeikagua? Akijibu kwamba ameiunda mwenyewe na aujua kila msumari, huambiwa kuwa jibu hilo halitoshi. Hurejea nyumbani na uchungu, akidhani kwamba utu wake umetiliwa shaka.

Je, amedhulumiwa? Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mtu mwaminifu naye aweza kudanganywa na mapenzi ya kazi yake. Ufa autazamao kila siku mwisho hauoni tena.

Tena ukaguzi si uzushi wa kumdhili fundi. Mjini London, mwishoni mwa karne ya 17, wafanya biashara ya bahari walikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd, wakagawana hatari za safari, maana hasara imwangushayo mmoja huchukulika na wengi. Mwaka 1760 kikaundwa chama cha kuorodhesha meli na kupima ubora wake. Mwaka 1766 hakimu Lord Mansfield akaeleza kwamba bima ni mkataba wa uaminifu: ajuaye kasoro ya mali yake hana ruhusa kuificha, na mwenye kutoa bima naye amefungwa na sharti hilo hilo.

Huenda mtu akasema kwamba wazee wetu hawakuhitaji haya. Chombo kilipozama, jirani walichanga. Ni kweli. Lakini jirani wale walikiona chombo kikiundwa. Manahodha walipita, wakagonga mbao, wakakosoa bila kuombwa. Pwani nzima ilikuwa mkaguzi. Leo wachangao fedha ya bima hawamjui fundi wala hawakupita uani pake. Mkaguzi ni jicho la wageni hao, na afichaye ubao mbovu awaibia watu asiowaona.

Hata hivyo haki haina upande mmoja. Mkaguzi asiyejua ila karatasi humdhulumu fundi, kwani kukosa mchoro si kukosa elimu. Na ashuke pwani maji yakipwa, agonge mbao na kusikiliza mlio wake, aulize mti ulikatwa lini na ulikaushwa vipi, kisha akitazame chombo kikielea. Akiisha kufanya hivyo, aandike alichokiona. Hapo elimu ya mkono itakuwa imepata shahidi wa kalamu.

Nasi watunzi wa mashairi twaijua sheria hii: beti hazitoki nyumbani kabla ya kusikilizwa na sikio la mwingine.

Mwisho, vijana wetu wakumbuke kuwa bima hulipa mbao na tanga, abiria hairudishi. Basi aundaye chombo na aalike macho ya wenzake, si kwa ajili ya fidia tu, bali kwa ajili ya wale watakaokipanda wakimwamini.