Tunamlipa Fundi wa Kufuli kwa Kitu Gani?

Ukimwita fundi akufungulie mlango wako mwenyewe, unamlipa kwa kitu gani? Jibu la kwanza ni kwamba unamlipia kazi. Lakini kazi yenyewe huenda ikamchukua dakika tano, na bei yake inapita kibarua cha saa nzima. Jibu la pili ni kwamba unamlipia ujuzi. Lakini ujuzi huo huo anao mwizi, na hakuna anayefurahi kumlipa mwizi. Katika insha hii nataka kutetea jibu la tatu, ambalo mimi mwenyewe nililikataa kwa hasira siku nilipoliona kwa macho.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mama mdogo wangu kuuza nyanya hapa Rusizi II, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Kwa asiyepafahamu, mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu na kushuka kuelekea Tanganyika, na hapa kwetu ndio unaotutenganisha na Bukavu. Kila asubuhi wanawake wanavuka daraja, wengine wakija kununua, wengine wakirudi na mizigo kichwani. Mmoja wao, mama wa Bukavu ambaye jina lake nalihifadhi, ni mteja wetu wa siku nyingi. Amepanga stoo ndogo upande huu wa mpaka, ambamo hukusanya mzigo kidogo kidogo kabla ya kuuvusha.

Jumamosi moja mchana alitujia akiwa amejishika kiuno. Fundo la kitenge alimofunga ufunguo lilikuwa tupu. Mwenye stoo alikuwa amesafiri kwenda Kigali na ufunguo wa akiba ulikuwa kwake. Ndani kulikuwa na matenga 14 ya nyanya zilizoiva, na bati la stoo lilikuwa limeshika moto wa jua.

Nilimpigia fundi wa kwanza niliyepewa namba yake. Kwenye simu alisema faranga 2,000. Alipofika, alilitazama kufuli bila hata kuligusa, akasema ni la aina ngumu, halifunguki ila kwa kukatwa, na kwamba anayo mapya mawili mfukoni. Jumla ikawa 15,000, nauli mbali. Hakuuliza stoo ni ya nani. Tulibishana, akaondoka na nauli yetu.

Fundi wa pili alikuwa mtu wa makamo mwenye maneno machache. Kabla ya kufungua mfuko wake alitaja bei mbili: 5,000 akilifungua bila kuliharibu, au 3,000 likibidi kukatwa, na kufuli jipya tutakwenda kulinunua wenyewe dukani. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza:

“Mama, stoo hii ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Nani mwingine anajua kwamba ni yako?”

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao, “Baba, miye siko mwizi. Hii depo miye njo nalipa.”

Fundi hakumjibu kwa ukali. Alimtuma mtoto akamwite mutwarasibo, kiongozi wa kaya za jirani. Akaomba namba ya mwenye stoo na kumpigia kwa simu yake, kwa pesa zake; simu ya kwanza haikupokelewa, wala ya pili. Wakati tukisubiri alimwomba mama ataje vilivyomo ndani. Akataja: matenga 14, turubai la bluu, beseni jekundu lililovunjika mkono. Karibu saa nzima ilipita kabla mwenye stoo hajapokea simu. Hapo ndipo fundi alipotoa vijiti vyake, na katika muda wa kunywa chai kufuli likafunguka, zima. Alimwacha mutwarasibo atangulie kuchungulia. Turubai lilikuwa la bluu. Beseni lilikuwa limevunjika mkono. Matenga mawili ya chini yalikuwa yameanza kuvuja maji.

Mama alilipa 5,000 na hakusema ahsante. Mimi pia sikusema. Niliona amedhalilishwa mbele za watu, tena kwa sababu anatoka ng’ambo. Fundi wa kwanza alikuwa ametupandishia bei, lakini walau hakumtilia mtu shaka. Usiku ule nilijiuliza: je, mtu mwenye tamaa lakini asiyehoji si afadhali kuliko mwadilifu anayekudhania mwizi?

Swali hili si geni. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, Sokrates anamtega Polemarkhos kwa hoja fupi: aliye hodari wa kulinda fedha ndiye huyo huyo aliye hodari wa kuziiba. Wasomaji wengi huiona hoja ile kama mchezo wa maneno. Kwa fundi wa kufuli, si mchezo. Ndani ya kufuli la kawaida kuna pini ndogo zinazosukumwa na springi. Ufunguo sahihi huzinyanyua zote kwa kimo kinachotakiwa, na silinda ikazunguka. Anayeweza kuzinyanyua bila ufunguo anaweza kuzinyanyua mlangoni kwako na mlangoni kwa jirani yako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Tena hakuna kufuli litakalotuokoa na jambo hili. Kampuni ya Bramah ya London iliweka kufuli dirishani mwa duka lake tangu mwaka 1790, ikiahidi gini 200 kwa atakayelifungua. Kwa miaka 60 na ushei hakuna aliyeweza. Mwaka 1851, wakati wa Maonesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua. Zilimchukua saa zipatazo 51 katika muda wa siku 16, lakini lilifunguka. Watu walishtuka, wengine wakamlaumu kwa kufichua siri. Mimi najifunza jambo moja hapo: kufuli hutuuzia muda tu, halituuzii usalama kamili. Mwisho wa yote usalama wetu unakaa ndani ya nafsi ya mtu anayejua kufungua na anachagua lini afungue.

Hapo ndipo jibu la tatu linapokuja. Tunachomlipa fundi mwaminifu ni lile swali lake. Kila stoo katika ule mstari ina kufuli ambalo yeye angeweza kulifungua. Yule wa kwanza, aliyekuwa tayari kulikata bila kuuliza, angekuwa tayari vilevile kulikata mbele ya mtu mwingine yeyote mwenye 15,000 na hadithi nzuri. Adabu yake kwetu ilikuwa hatari kwetu. Hata bei yake inaeleza jambo hilo hilo: aliyeficha gharama kwenye simu na kuifichua mlangoni, wakati huna pa kukimbilia, ameshakuonesha jinsi anavyoutumia udhaifu wa mtu. Aliyetaja bei kabla ya kugusa kazi, na kukuacha ununue kufuli mwenyewe, amejinyima nafasi mbili za kukuibia.

Lakini pingamizi langu la usiku ule lilibaki. Swali huwa jepesi kwa anayejulikana, na zito kwa mgeni. Mimi hapa ningeitwa na majirani kumi kuwa shahidi wangu. Mama wa Bukavu alikuwa na nyanya tu, zisizoweza kusema. Ikiwa uaminifu wa fundi unalipwa na wanyonge peke yao, hiyo ni haki gani?

Siku chache baadaye nilimkuta fundi yule kituo cha pikipiki, nikamuuliza waziwazi: “Mzee, ningekuwa mimi, ungeniuliza?”

Alicheka. “Wewe ningekuuliza zaidi. Yule mama mikono yake ilinuka nyanya. Wewe mzigo wako ni simu.”

Kisha akaniambia kwamba humuuliza kila mtu, hata mwenye nyumba aliyesimama na hati mkononi, kwa sababu akianza kuchagua nani wa kumuuliza, wezi watajifunza kuvaa kama wale asiowauliza.

Nadhani tofauti kati ya swali la haki na dharau iko hapo, katika mambo mawili. La kwanza, swali la haki huulizwa wote. La pili, anayeuliza hubeba sehemu ya mzigo wa kupata jibu. Fundi hakumwambia yule mama aende akalete ushahidi. Alituma mtoto, akapiga simu kwa pesa zake, akakaa saa nzima bila kuidai, na alipokosa karatasi akatafuta ushahidi ambao hata mgeni anao: kujua vilivyomo ndani. Angesema tu “sifungui,” angekuwa mwangalifu, lakini asingekuwa mwaminifu. Mwaminifu hukuuliza, kisha hukusaidia kujibu.

Sidai kwamba hesabu ilifungwa vizuri. Matenga mawili yaliharibika, na hasara ilimwangukia aliyekuwa na kidogo kuliko sisi sote. Uaminifu una gharama, na tusipoangalia tutaiacha imwangukie anayejulikana kidogo. Labda sehemu ya gharama hiyo ilikuwa yetu, mimi na mama mdogo, ambao kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kumtambulisha mteja wetu hata kwa jirani mmoja.

Wiki iliyofuata mama wa Bukavu alivuka na kufuli jipya. Ufunguo mmoja aliutia kwenye kamba na kuuvaa shingoni. Wa pili alimkabidhi mama mdogo, mbele ya mutwarasibo. Kisha akaniomba namba ya fundi.

“Yupi?” nikamuuliza.

“Ule wa maswali mingi,” akasema.