Kigae cha Ayubu na Kuwashwa Kusikoisha

Somo: Ayubu 2:7-13; 1 Wakorintho 12:26



Niliombwa niandike juu ya maombi ya usiku, lakini kuna jambo lingine linalowaamsha watu usiku katika nyumba nyingi hapa kambini, nasi wachungaji tumelinyamazia. Ni kuwashwa. Sisemi kuwashwa kwa kuumwa na mbu. Nasema kule kunakoanza taa ikizimwa, katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, chini ya matiti, hata sehemu ambazo mtu anaona haya kuzitaja. Mtoto analia, mama anajikuna mpaka jogoo anawika. Asubuhi dukani anaambiwa ni aleji, anauziwa Piriton. Inamletea usingizi kidogo, lakini mwasho uko pale pale. Anachemsha mwarobaini. Anapaka mawese na chumvi. Anakopa pesa kununua krimu ya tyubu. Vyote vikishindwa anaanza kuuliza: ni nani ameniroga? Au: nimemkosea Mungu nini?

Ayubu naye alijikuna. Maandiko yanasema alipigwa na majipu tangu wayo wa mguu hata utosini, akatwaa kigae akajikuna nacho, ameketi majivuni. Huyu alikuwa mtu mwenye ng'ombe na watoto na heshima. Sisi tulioacha mashamba na mitumbwi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hatuhitaji kufafanuliwa sana habari hiyo. Rafiki zake watatu walikuja, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, maana walimwambia kwamba lazima ametenda dhambi. Ukisoma Ayubu 42:7 utaona kwamba Mungu aliwakasirikia wao.

Ndugu zangu, nami nilikuwa rafiki wa namna hiyo. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya yetu, yeye na watoto wake walikuwa wanajikuna hata wakati wa ibada. Watu walianza kuhama benchi lake. Badala ya kwenda kukaa naye, nilisimama madhabahuni nikasoma Kumbukumbu la Torati 28:27, nikasema kuna kuwashwa ambako ni alama ya dhambi iliyofichwa. Sikutaja jina, lakini kila mtu alijua. Jumapili iliyofuata hakuja. Nyingine pia hakuja.

Halafu mwasho ukaingia nyumbani kwangu.

Nilificha. Nilikwenda zahanati peke yangu jioni, nikapewa dawa ya maji meupe kama maziwa, nikajipaka mimi tu. Niliona aibu isije ikasemwa kuwa nyumba ya mchungaji ina upele. Nilipona nusu, kisha ukarudi. Nilikwenda tena, ukarudi tena. Mara ya tatu muuguzi alinitazama akauliza: "Mchungaji, kwani unalala peke yako?"

Ndipo akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Upele huu unaletwa na utitiri mdogo mno, ambao kwa macho matupu huwezi kuuona vizuri. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mtu mwenye upele wa kawaida hana utitiri mwingi, mara nyingi ni 10 hadi 15 tu mwili mzima. Basi mbona mwili wote unawasha? Kwa sababu mwili unaukataa utitiri ule, mayai yake na uchafu wake. Kwa hiyo aliyesema ni aleji hakukosea kabisa, ila Piriton hutuliza kidogo tu na haiui utitiri. Na zile krimu za tyubu, nyingi zina dawa ya kutuliza ngozi inayoficha ugonjwa huku utitiri ukiendelea kuzaa.

Tena alisema jambo lililonichoma. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na siku hizo zote anaambukiza wengine. Kwa hiyo anayejikuna wa kwanza si lazima ndiye aliyeuleta. Huenda yule mama aliupata kwetu. Tena huambukiza hasa kwa ngozi kugusana kwa muda mrefu, kama watoto wanaolala mkeka mmoja. Kupeana mkono upesi mlangoni mwa kanisa si rahisi kuleta upele. Wote tuliomnyima mkono tulimnyima bure.

Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho. Mimi nilikuwa nahubiri neno hilo kama fumbo tu. Katika upele ni jambo la kweli kabisa: nyumba nzima hutibiwa siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, baba, mama, watoto na mgeni anayelala sebuleni. Ukimwacha mmoja, wote mtarudia.

Basi fanyeni hivi. Nendeni zahanati wote, msitume mmoja. Mkipewa ile dawa ya kupaka, ipakeni kuanzia shingoni hadi nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha na kila mkunjo, si pale panapowasha tu. Kwa watoto wadogo muulizeni muuguzi, maana yao huchanganywa na maji, na wachanga hupakwa hata kichwani. Inachoma kidogo, msiogope. Wengine hupewa vidonge vya ivermektini. Mama mjamzito aseme mapema, pia mwenye mtoto mdogo. Dawa hurudiwa kama mtakavyoelekezwa, kwa sababu mayai yaliyobaki huanguliwa baadaye. Siku hiyo hiyo nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi lisilofulika lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki siku 3 kamili au zaidi, maana utitiri ukikosa ngozi ya mtu hufa.

Kisha vumilieni. Utitiri ukishakufa, mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hata 4. Watu wengi hukata tamaa hapo, wanarudia dawa kila siku mpaka ngozi inababuka. Mwili bado unapigana na adui aliyekwisha kufa. Sisi tunaelewa hilo. Wako kati yetu waliokimbia mwaka 1996, na hata leo mlango ukigongwa usiku moyo unaruka. Hapo ndipo Piriton ya usiku inaweza kusaidia kidogo, na maji baridi, na kumkata mtoto kucha. Vidonda vyenye usaha msivipuuze, kwa kuwa vinaweza kudhuru hata figo za mtoto. Na kama nyumba nzima imetibiwa sawasawa na wiki 4 zimepita bila nafuu, rudini, maana kuwashwa kuna sababu nyingine nyingi na si kila mwasho ni upele.

Wako watakaosema kwamba mchungaji amehama kwenye maombi. Someni 2 Wafalme 20. Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na nabii yule yule aliyeleta jibu aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya hakuona haya kuwa na dawa mkononi.

Nilikwenda kwa yule mama kumwomba msamaha. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, hakunijibu neno siku ile. Jumapili iliyopita alikuja, akaketi nyuma. Sijui kama amenisamehe, na sitamharakisha.

Nyumba kumi za kanisa letu zimepatana kutibiwa pamoja siku ya Ijumaa. Vijana watachota maji tangu alfajiri, na kuni za kuchemshia zitakuwa nyuma ya kanisa. Asiye na sabuni amwone mama mzee wa kanisa, hataulizwa maswali. Nyumba yangu itakuwa ya kwanza kwenye foleni.