Kimya cha Mnunuzi

Mnunuzi amepanda ngazi za nyumba moja ya Mji Mkongwe wa Unguja, ameamkia, amekaribishwa kahawa. Pembeni mwa ukumbi, chini ya kitambaa cha kufuma, limekaa dude pana la chuma, uso wake wa rangi ya fedha umefifia. Bibi mwenye nyumba anakivua kitambaa.

"Ndilo hilo, mwanangu. Marehemu alilileta safarini, zama za ubaharia wake. Mwaka wa saba huu halisemi. Taa linawasha, lakini sauti hakuna. Limekufa, au siyo?"

Mnunuzi anainama, anatazama, anapitisha kidole juu ya safu ya swichi. Hajibu. Anauliza bei. Bibi anataja shilingi 50,000, kisha, kwa haya za watu wa zamani, anaongeza kwamba hata akipewa arubaini atashukuru. Mnunuzi anatoa elfu hamsini kamili, na njiani anajiona mtu muungwana kwa kuwa hakuomba kupunguziwa.

Kisa hiki ni cha mfano tu, na mnunuzi wake hana jina. Hata hivyo, kila mwenye mapenzi na vitu vya kale, viwe saa za ukutani, masanduku ya njumu au sahani za santuri, amewahi kusimama mahali aliposimama yeye, akiwa anajua jambo ambalo muuzaji halijui. Suala ni je, mtu huyu amemdhulumu bibi? Hakusema uongo hata neno moja. Bei aliitaja mwenye mali, kwa hiari yake, na ililipwa yote, fedha taslimu.

Kwanza lielezwe lile dude. Ni risiva ya stirio, chombo kinachokusanya redio na amplifaya katika sanduku moja, na kulisha spika mbili. Katika miaka ya 1970 makampuni ya Kijapani yalishindana kuzitengeneza kubwa zaidi na zenye nguvu zaidi, na ushindani ule ulifika mahali pa kuchekesha, kwani hapana sebule duniani iliyohitaji nguvu zote zile. Iliyo katika mfano huu ni Pioneer SX-1250, iliyotoka mwaka 1976. Ina wati 160 kwa kila upande, na uzito wake unakaribia kilo 30, kiasi kwamba kuiteremsha kwenye ngazi nyembamba za Mji Mkongwe ni kazi ya wanaume wawili na dua. Baadaye vyombo vya namna hii vilidharauliwa. Vilikuja vidogo vya plastiki, vyepesi na rahisi, na vile vikubwa vikafunikwa vitambaa au vikatupwa. Leo vinatafutwa. SX-1250 iliyosafishwa na kutengenezwa vyema huuzwa Marekani na Ulaya kwa zaidi ya dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili.

Hayo mnunuzi aliyajua kabla hajapiga hodi. Na alijua jambo la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Risiva za zama zile zina swichi ya kusikilizia tepu. Ikiachwa imewashwa, chombo huikata sauti ya redio na ya santuri na kuingojea itoke kwenye mashine ya tepu iliyounganishwa nyuma. Ikiwa hapana mashine, hapana sauti. Taa zinawaka, mshale unacheza, na spika zimenyamaza kama ukuta. Vyombo vingi vimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya swichi hiyo, pengine ilisukumwa na mtoto au na kitambaa cha kufutia vumbi. Mnunuzi alipopitisha kidole juu ya safu ile, aliiona haiko mahali pake.

Wanaomtetea wana hoja, na si hoja nyepesi. Ujuzi, wanasema, ni mali kama mali nyingine. Mtu huyu amesoma miaka mingi, amenunua vibovu na kupata hasara, ameungua vidole kwa chuma cha kulehemu. Akilazimishwa kumweleza kila muuzaji yote anayoyajua, basi taabu yake yote itakuwa sadaka, na hapatakuwa na mtu atakayejishughulisha kujifunza. Vitu vya kale vitabaki chini ya vitambaa mpaka viliwe na kutu, kwani anayevitambua hana faida na mwenye navyo havitambui.

Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kupelekewa suala hili hili, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa urefu. Mwanzoni mwa mwaka 1815 mji wa New Orleans ulikuwa umezibiwa bahari na manowari za Waingereza, na tumbaku iliyojaa maghalani ilikosa pa kwenda, bei ikaanguka. Mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kutiwa saini huko Ghent tangu Desemba 1814, lakini habari zilisafiri kwa tanga. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 19 Februari, mfanyabiashara mmoja aitwaye Hector Organ alizipata kabla ya wengine. Mara tu baada ya jua kuchomoza, akaenda kwa wauzaji na kununua mapipa 111 ya tumbaku. Muuzaji akamuuliza: je, kuna habari yoyote inayoweza kuipandisha bei? Siku ile ile habari zikatangazwa mjini, na bei ikapanda kwa asilimia 30 hadi 50.

Kesi iliamuliwa mwaka 1817. Jaji Mkuu John Marshall, katika hukumu fupi mno, alisema kwamba mnunuzi hakufungwa kuyatoa aliyoyajua kuhusu mambo ya nje yanayogusa bei. Wanaoitaja hukumu hiyo kwa kumtetea mnunuzi mjuzi aghalabu huishia hapo. Lakini Marshall aliendelea. Alisema kila upande uchunge usiseme wala usitende jambo la kumhadaa mwenziwe, na akairudisha kesi isikilizwe upya, kwa kuwa baraza la wazee halikupewa nafasi ya kuamua kama palikuwa na hadaa. Kilichoizuia hukumu isiwe nyepesi ni lile swali la muuzaji. Kabla ya swali, kimya cha Organ kilikuwa kimya tu. Baada ya swali, kiligeuka kikawa namna ya kujibu.

Watu wa mwambao hawakuhitaji kungoja New Orleans. Sheria ya biashara waliyoirithi inakataza msafara kupokewa njiani, yaani mtu kutoka nje ya mji akawalaki wenye bidhaa na kununua kwao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Na ikiwa amekwisha nunua, mwenye mali akifika sokoni ana hiari: akitaka ataithibitisha biashara, akitaka ataivunja. Hekima ya hukumu hii ni kwamba haimuulizi mnunuzi kama amesema uongo. Inatazama umbali uliopo baina ya muuzaji na soko, na nani aliyeutumia. Tena yasimuliwa kuhusu Jarir bin Abdillah, sahaba wa Mtume, kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi alimwendea mwenyewe, akamwambia farasi wako ni bora kuliko bei hii, na akaipandisha mara baada ya mara mpaka ikafika 800. Cicero naye, mwaka 44 kabla ya Kristo, alimtaja Mrumi mmoja, Scaevola, aliyeongeza sesterti 100,000 juu ya bei ya shamba kwa kuwa aliliona lina thamani zaidi ya ile iliyotajwa. Cicero anasema watu walikubali kuwa kile kilikuwa kitendo cha mtu mwema, ila walikataa kuwa kilikuwa cha mtu mwenye akili. Dhihaka hiyo ingali hai katika kila soko.

Mtu atasema bibi hayuko jangwani. Mjukuu wake ana simu, na bei za dunia nzima zimo ndani yake. Ni kweli, lakini simu humjibu anayejua jina la kuuliza. Kwa bibi yule kitu hicho hakina jina. Ni "dude la marehemu". Msafara wake umelakiwa mlangoni pake mwenyewe.

Na sasa ije kazi ya kusafisha, kwa sababu ndiko mnunuzi anakokimbilia nafsi yake inapomsuta. Amelifikisha nyumbani. Kwanza amehakikisha swichi ya volti iliyo nyuma, kwani chombo kilichowekwa kwenye volti 120 za Marekani kikichomekwa kwenye 230 za Unguja hakiishi. Ameirudisha swichi ya tepu mahali pake, na kwa kupasuka-pasuka na kukoroma, redio imesema. Ilikuwa hai muda wote. Kisha ameichomoa, ameziacha kapasita kubwa zimwage umeme wake, maana hizo huweza kumpiga mtu hata waya ukiwa umetolewa ukutani, na amefungua bisibisi baada ya bisibisi.

Ndani ya sanduku la namna hii mna historia ya nyumba nzima. Mna unga mweupe wa chokaa ulioporomoka darini. Mna maganda ya mayai ya mende na mfupa mwembamba wa mjusi. Juu ya yote umetanda utando wa rangi ya kahawia, unaonata kidogo, ambao ni moshi wa sigara za mtu mmoja na udi wa nyumba yote, miaka na miaka. Vumbi hutolewa kwa brashi laini. Utando hutolewa kwa pamba na spiriti, polepole, pasipo kugusa maandishi ya kioo cha mbele, kwani mengi yamepigwa kwa wino usiostahimili spiriti, na yakifutika yamefutika. Kizungusho cha sauti hupuliziwa dawa na kuzungushwa mara hamsini, mara mia, mpaka mkwaruzo uishe. Hewa ya bahari imekwisha kula miguu ya transista, ikageuka myeusi. Baadhi zitabadilishwa. Kapasita zilizovimba zitabadilishwa. Globu za nyuma ya kioo zitabadilishwa. Ni kazi ya usiku mwingi, na hapana ubishi kwamba ni kazi njema.

Hapo ndipo hoja mpya inapozaliwa. Mnunuzi anajiambia: thamani hii nimeitia mimi. Bibi aliuza kitu kichafu, mimi ninacho kitu safi. Tofauti ni jasho langu.

Hoja hii inapimika. Na ahesabu saa zake, ajilipe ujira wa fundi hodari, tena asijipunje. Aongeze bei ya vifaa na nauli yake. Kisha atoe jumla hiyo kwenye zile shilingi milioni mbili na zaidi. Kitakachobaki, na kitabaki kingi, hakikutokana na brashi wala spiriti. Kilikuwamo ndani ya chombo wakati kikiwa chini ya kitambaa. Ujuzi wake unamstahilisha malipo ya kutambua na ya kutengeneza, na yawe malipo mazuri. Haumstahilishi malipo ya swali lisilojibiwa. Jasho lilianza usiku wa pili, ilhali biashara ilimalizika mchana wa kwanza, pale bibi aliposema "limekufa, au siyo?" Sentensi ile ilikuwa na alama ya kuuliza, hata kama bibi aliitamka kama mtu aliyekwisha kata tamaa. Kuhusu bei ya dunia mtu anaweza kubishana mpaka alfajiri. Lakini bibi hakuuliza bei ya dunia. Aliuliza kuhusu kitu chake mwenyewe, kilichokuwa mbele yao wote wawili, na mmoja wao aliona jibu chini ya kidole chake.

Ikiwa hivyo, la kufanya linajulikana, nalo si gumu isipokuwa kwa uzito wa kilo 30. Ni kumpa bibi ile hiari ya wenye msafara. Arudi, aseme chombo kilikuwa kizima, aseme bei yake ya kweli na gharama alizoingia, kisha anyamaze, safari hii kimya cha kungojea. Huenda bibi akaongezewa fedha na kuridhika. Huenda akakitaka chombo chenyewe, kisemee pale pale pembeni mwa ukumbi. Huenda pia akasema, mwanangu, mimi nimekwisha kuuza, nenda zako salama.

Limebaki jambo moja ambalo mnunuzi hatalipatia hesabu. Juu ya kioo cha mbele, katika njia ya mshale wa stesheni, palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi chembamba kama ukucha, kimegeuka rangi ya chai. Aliyekibandika alitaka mtu mwengine wa nyumba ile, asiyesoma namba, aweze kuipata stesheni yake kwa kuufikisha mshale hapo. Watafutaji wa vyombo hivi hutaka kioo kisicho na doa. Usiku wa tatu, kwa ncha ya wembe na tone la spiriti, karatasi ile ilibanduka ikiwa nzima, ikakaa juu ya kidole cha mnunuzi. Aliitazama kidogo chini ya taa, kisha akaipangusa kwenye pamba iliyokwisha kuwa nyeusi, pamoja na uchafu mwingine.